Mchezo Ukifutwa, Nani Hubaki Nje?

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili hukimbilia vichekesho na mafumbo ya kurasa za mwisho. Leo naomba mnivumilie kidogo, kwani nina jambo linalonikereketa maini tangu muhula uliopita.

Katika mkutano wa wazazi kulitolewa pendekezo. Ati michezo ya shule yetu ni mingi mno. Kandanda ibaki, netiboli ibaki, voliboli itazamwe, nayo raunda ifutwe. Ile pembe ya uwanja ambapo wasichana huchezea raunda isawazishwe, basi la shule lipate mahali pa kuegeshwa. Mzazi aliyelitoa pendekezo hili si mtu mbaya. Alisema, tena kwa heshima, kwamba bonasi ya majani chai haitoshi karo, maabara inangoja vifaa, na hajamwona msichana hata mmoja aliyepata kazi kwa sababu ya kupiga mpira kwa gongo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nikipanga viti. Mwanafunzi hapewi nafasi ya kusema katika mkutano kama huo, basi nikanyamaza. Jambo hilo halikukatwa siku hiyo. Litaletwa tena muhula ujao. Kabla halijaletwa, wacha niseme yangu hapa.

Nitaanzia mbali, ng'ambo ya bahari, halafu nitarudi nyumbani Itumbe.

Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, kuna mji uitwao Durham. Ndani ya mji huo kuna chuo kikuu cha umma kiitwacho North Carolina Central University. Kilifunguliwa mwaka wa 1910 na James E. Shepard, wakati vijana weusi walipokuwa wakifungiwa milango ya vyuo vya wazungu, na mwaka wa 1923 jimbo likakichukua na kukigharimia. Si chuo cha matajiri. Ni chuo cha watu wa kawaida, watoto wa wafanyakazi, wengi wao wakiwa wa kwanza katika jamaa zao kukanyaga chuoni.

Chuo hicho kilikuwa na timu ya besiboli. Kwa asiyeijua besiboli, nitamwambia hivi: ukiijua raunda, besiboli umeshaijua nusu. Kila upande una wachezaji tisa uwanjani. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaungoja na gongo mkononi, akiupiga anatimua mbio kutoka kituo hadi kituo, na akivizunguka vyote vinne bila kutolewa amepata alama. Tofauti ni kwamba gongo lao ni refu, mpira wao ni mgumu kama jiwe, na kati ya kituo na kituo kuna karibu mita 27. Wadakaji huvaa glovu kubwa za ngozi. Timu ya chuo hicho ilichezea Durham Athletic Park, uwanja wa zamani ulio ndani ya mji wenyewe.

Mwezi wa Februari mwaka wa 2021 wakubwa wa chuo walitangaza kwamba msimu huo ndio ungekuwa wa mwisho. Sababu? Pesa. Ugonjwa wa Korona ulikuwa umekausha mifuko, na chuo kikasema ni lazima idara ya michezo ipunguze gharama. Kandanda yao ya Kimarekani ikabaki, mpira wa kikapu ukabaki, besiboli ikafutwa. Vijana wale wakamaliza msimu wakijua kwamba kila mchezo uliopita ulikuwa umebakiza michache. Hebu fikiria unacheza huku unahesabu siku kama mfungwa, ila mfungwa huhesabu akingoja kutoka, na hawa walihesabu wakingoja kutolewa.

Sitaki kuwa kama wale wanaolaumu bila kusikiliza upande wa pili. Besiboli ni mchezo ghali. Timu ina wachezaji wengi, ina safari nyingi, na haijazi uwanja kama kandanda. Isitoshe, wakati huo sheria za michezo ya vyuo huko hazikuruhusu timu nzima ya besiboli kupewa zaidi ya ufadhili wa masomo 11.7. Naam, kumi na moja na vipande! Ufadhili huo ulikatwakatwa kama muwa wa kugawiwa watoto, kila mmoja apate kipande chake, na mengine alipe mzazi. Basi mtoto wa maskini huangalia mahesabu hayo akaenda zake kwenye mchezo mwingine. Na matokeo yanaonekana wazi. Jackie Robinson alivunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli mwaka wa 1947, lakini mwaka wa 2022, katika fainali kuu za ligi hiyo, timu zote mbili hazikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi aliyezaliwa Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1950. Kwa hivyo chuo cha watu weusi kilipoifuta besiboli, kilifunga kidirisha ambacho tayari kilikuwa kimebaki kidogo sana.

Sasa utaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Gusii?

Yanatuhusu kwa sababu mtoto wa Gusii alipita katika chuo hicho hicho. Namzungumzia Robert Ouko, mzaliwa wa Manga. (Si yule waziri aliyeuawa mwaka wa 1990, jameni, majina tu yalifanana.) Huyu wetu alikuwa mwanariadha. Mwaka wa 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishinda mbio za mita 800. Yeye na Mkenya mwenzake Julius Sang wakasoma na kukimbia katika chuo kile cha Durham, chini ya kocha LeRoy Walker, ambaye baadaye, mwaka wa 1992, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuiongoza Kamati ya Olimpiki ya nchi yake.

Mwaka wa 1972 mjini Munich, Kenya iliingia uwanjani kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Alianza Charles Asati, akampa Hezahiah Nyamau, naye akampa Ouko, na Ouko akamkabidhi Sang. Asati, Nyamau na Ouko wote ni watu wa Gusii. Sang akamaliza kazi kama umeme, Kenya ikapata dhahabu kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.8. Kweli, Marekani haikuweza kuleta timu siku hiyo, baada ya wakimbiaji wake wawili kufungiwa na mwingine kuumia. Lakini anayesema ushindi ule ulikuwa wa bure aende akaikimbie mizunguko hiyo minne. Katika michezo hiyo hiyo mwanafunzi mwingine wa chuo kile, Larry Black, alipata fedha katika mita 200. Chuo kimoja cha umma cha mjini, na wana wake watatu wakarudi na nishani.

Mzee mmoja wa kijiji chetu hunisimulia jinsi walivyojazana kwa jirani mwenye redio, kuku wakiingia na kutoka miguuni mwao. Akifika pale Ouko anapompa Sang kijiti, husimama. Mwenyewe hatembei vizuri siku hizi, ana mkongojo, lakini husimama.

Ouko hakupelekwa Durham na bonasi ya majani chai. Alipelekwa na miguu. Chuo kilikuwa na mlango ulioandikwa riadha, naye akaingilia hapo. Kama wakati ule wakubwa wangeketi wakasema riadha haina faida na tubaki na kandanda tu, mlango ule ungefungwa bila mtu wa Manga kujua kwamba uliwahi kuwapo. Hapo ndipo ninapoona ubaya wa kufuta mchezo. Anayefuta huona vitabu vya hesabu. Hamwoni mtoto ambaye angekuja miaka mitano baadaye, kwa sababu mtoto huyo hana jina bado. Hawezi kuja mkutanoni kujitetea.

Kuna watakaosema, riadha ni yetu, lakini besiboli na raunda ni za wenyewe huko. Kwani Uganda ni Ulaya? Mwaka wa 2011 watoto wa Uganda walishinda eneo lao wakafuzu kwenda fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu karatasi zao za umri hazikulingana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafuzu tena, wakaenda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na kabla ya kurudi wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka wa 2015 Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama ugali kwetu. Mwaka wa 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wakatia sahihi mkataba na Los Angeles Dodgers. Lugazi ni mji wa mashamba ya miwa. Sisi tuna chai. Kilichotuzidi hapo ni nini?

(Na kwa jambo hilo la karatasi za umri, nawakumbusha wenzangu ambao hadi leo hawana cheti cha kuzaliwa wakamsumbue chifu mapema. Wengine wanaambiwa tu walizaliwa wakati wa mvua nyingi.)

Turudi sasa kwenye pembe yetu ya uwanja. Chuo cha Durham kilikuwa na sababu ya gharama, nami nimeikubali kwa shingo upande. Lakini raunda yetu inagharimu nini? Gongo letu lilichongwa na fundi wa hapa kijijini kutoka tawi la mkaratusi. Mipira ni minne, miwili ikiwa imeshonwa upya. Vituo ni mawe yaliyopakwa chokaa. Hatusafiri kwa ndege. Mashindano yetu makubwa ni dhidi ya shule jirani, na tunakwenda kwa miguu tukiimba. Ukifuta mchezo huu hutapata hata bei ya mizani moja ya maabara. Utapata mahali pa kuegesha basi tu, na basi hilo, kama sijakosea, tuliambiwa wakati wa kulichangia kwamba litabeba wachezaji!

Aidha, serikali yenyewe imeweka katika shule za sekondari za juu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, sambamba na ule wa sayansi na ule wa masomo ya jamii. Wadogo zetu watauchagua. Je, watausomea wapi, kwenye ubao? Nasi tuna Chuo Kikuu cha Kisii hapo mjini, cha umma, kilichopata hati yake mwaka wa 2013 baada ya kuanza kama chuo cha walimu. Ndoto yangu, na msinicheke, ni siku moja chuo kama hicho kiwe na timu ya besiboli na ya raunda, na kiwe na nafasi za masomo kwa wachezaji. Lakini chuo hakiwezi kuchuma tunda ambalo shule hazikupanda. Tukiing'oa raunda vijijini, wao watamtafuta nani?

Namjua msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Jina simtaji. Mama yake anauza ndizi sokoni, na siku za soko msichana huyu hakanyagi shuleni, anasaidia kubeba. Siku nyingine hukosa pia, mara mdogo wake anaumwa, mara karo. Rejesta yake imejaa alama nyekundu. Lakini Jumatano hakosi. Mwalimu wa darasa alidhani ni bahati, mpaka akaangalia ratiba akaona Jumatano alasiri ni raunda. Ana mkono ambao sijaona kwa mvulana yeyote hapa. Anarusha mpira kutoka kwenye ua wa majani chai hadi kwa mdakaji bila kugusa ardhi. Na kwa kuwa anakuja Jumatano, hupata na hisabati ya asubuhi hiyo, na insha ya Kiswahili. Insha zake zimeanza kuwa nzuri.

Mzee wetu wa mkutanoni, naomba radhi kama nimekuvunjia heshima, maana wewe ni kama baba yangu. Uliuliza ni msichana gani aliyefaidika na raunda. Njoo Jumatano yoyote, saa tisa na nusu, usimame kando ya mawe ya chokaa. Gongo liko katika kabati la mwalimu wa Kiswahili, na yeye ndiye huja kulichukua, wa kwanza kabla ya wenzake wote.