Gitaa Halina Miguu



Katika vikundi vyetu vya uimbaji limeingia neno moja ambalo napenda kulishitaki mbele yenu, nalo ni neno “kupotea”. Kikundi kinakwenda kupiga muziki harusini siku ya Jumamosi, kinarudi usiku wa manane, na Jumapili baada ya Misa mtu anasimama mbele ya wenzake na kusema, “Gitaa limepotea.” Wote wanaguna kwa masikitiko, kama watu walioletewa habari ya mvua ya mawe. Hakuna anayeuliza ni nani aliyelipoteza. Sarufi yenyewe imekwisha kumpa kila mtu ruhusa ya kwenda nyumbani. Mimi niliyesomea ualimu nasema wazi kwamba kitenzi hicho, kikitumiwa kwa chombo cha muziki, ni uongo. Mbuzi hupotea, kwa kuwa ana miguu. Gitaa huachwa, au huibwa, na mara nyingi huibwa kwa sababu limeachwa kwanza.

Tazameni saa yenyewe ya tukio. Wakati wa kupiga, macho ya ukumbi mzima yanaliangalia gitaa, na hakuna awezaye kuligusa. Linatoweka baadaye. Wimbo wa mwisho umekwisha, jenereta limezimwa, wenye harusi wanaaga wageni, na wapigaji ambao hawajala tangu asubuhi wanaitwa nyuma ya nyumba kugawiwa bukari iliyopoa. Hapo bahasha inafunguliwa, na ubishi unaanza: nani apewe kiasi gani, na fedha ya usafiri imekwenda wapi. Wakubwa wa kikundi wanapata nafasi katika gari la jamaa fulani, wanaondoka. Vyombo vinabaki barazani pamoja na yule mdogo kuliko wote, mwenye miaka 15, ambaye hakuambiwa neno lolote isipokuwa “angalia vitu”. Vitu vipi? Viko vingapi? Avikabidhi kwa nani, na wapi, usiku ule? Anasimamisha pikipiki, anapakata ngoma, anafunga kinanda nyuma kwa kamba, na gitaa analiacha kwa mtu anayesema kwamba atalileta kesho.

Kesho yake ndiye anayekuwa mwizi. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na katika mahali ambapo sitapataja nilimwona mvulana akilipishwa na wakubwa wake gitaa ambalo hakuwahi kukabidhiwa. Mama yake, muuza mboga, alitoa fedha kidogo kidogo kwa miezi minane. Gitaa halikupatikana, na mvulana naye hatukumwona tena kanisani. Wengine huenda mbali zaidi: huchanga kwa siri na kumwendea mpiga ramli, ambaye kwa ada nzuri huwatajia mtu mrefu akaaye karibu na barabara. Panda nzima inakaa karibu na barabara.

Tumefundishwa amri kumi. Chombo kikikosekana tunaikumbuka ya saba, inayokataza wizi, na kuipigia kelele; ya nane, inayokataza kumshuhudia mtu uongo, tunairuka kama dimbwi. Na wale wanaomkimbilia Mtakatifu Antoni wa Padua, mwombezi wa vitu vilivyopotea, wakumbuke mapokeo ambamo desturi hiyo imetoka: mnovisi mmoja aliondoka na kitabu chake cha Zaburi, Antoni akasali, na kijana akakirudisha mwenyewe. Katika masimulizi hayo hakuna aliyepigwa, wala aliyetangazwa jina lake mlangoni pa kanisa.

Najua jibu litakalokuja: “Mwalimu, mara nyingine anayeshukiwa ndiye mwizi kweli.” Ni sawa, na sitaukimbia mfano ulio mgumu kwangu. Roman Totenberg, mpiga fidla mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alikuwa na fidla iliyotengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1734. Mwezi Mei 1980, baada ya onyesho katika shule ya muziki ya Longy, mjini Cambridge, Massachusetts, alipokuwa akisalimiana na wasikilizaji, fidla hiyo ilichukuliwa ofisini mwake. Angalieni tena saa: baada ya kupiga, wakati wa kupeana mikono. Totenberg alimshuku kijana mmoja, mpiga fidla, aliyeonekana akizungukazunguka pale. Ushahidi wa kutosha kupekua nyumba ya mtu haukuwapo, na nyumba haikupekuliwa. Totenberg alifariki mwaka 2012, akiwa na miaka 101, bila kuiona tena fidla yake. Mwaka 2015 ikadhihirika kwamba shuku yake ilikuwa sahihi: kijana yule, ambaye wakati huo naye alikuwa amekwisha kufa, ndiye aliyekuwa nayo miaka yote.

Je, mfano huu umenishinda? Naona umenisaidia. Shuku, hata hiyo iliyo sahihi, haikuirudisha fidla kwa miaka 35. Iliyoirudisha ni karatasi. Mwanamke aliyewahi kuwa mke wa mwizi aliikuta ndani ya kasha lililofungwa, akaipeleka kwa mtaalamu ili ikadiriwe thamani. Mtaalamu, kwa vipimo na picha zilizohifadhiwa tangu zamani, akaitambua na kuwaita polisi. Agosti mwaka huo mabinti watatu wa Totenberg wakakabidhiwa chombo cha baba yao. Nani kati yenu anaijua namba iliyoandikwa ndani ya gitaa la kikundi chake? Nani amepiga picha ule ufa ulio chini ya nyuzi?

Mfano mwingine ni mfupi, nao unafurahisha. Oktoba 1999, mjini New York, Yo-Yo Ma, mmoja wa wapigaji selo mashuhuri duniani, alishuka katika teksi akiwa amechoka, kwani usiku uliotangulia alikuwa amepiga katika ukumbi wa Carnegie Hall. Selo yake akaisahau ndani ya buti. (Selo ni ndugu mkubwa wa fidla, hupigwa mtu akiwa ameketi, imesimama katikati ya magoti yake. Kuisahau si jambo dogo.) Ilikuwa imetengenezwa Venice mwaka 1733, na thamani yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 2.5. Ma hakuwaambia waandishi wa habari kwamba selo imepotea. Aliwaambia kwamba yeye mwenyewe amefanya jambo la kijinga, kwa haraka na uchovu. Na mkononi alikuwa na risiti ya teksi, yenye namba ya gari. Polisi waliifuata namba hiyo hadi gereji moja huko Queens, na jioni ile ile Ma alipiga selo yake Brooklyn. Bila kipande kile cha karatasi angebaki na teksi zaidi ya 10,000 za kushuku.

Lakini sisi wa Panda hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na New York. Wengi wenu ni wajukuu wa mafundi wa Gécamines, ambayo Karakana zake Kuu zilijengwa hapa hapa kwetu. Waulizeni wazee habari za ghala la vifaa. Desturi ya karakana kubwa, popote duniani, ni hii: fundi anayechukua kifaa huacha kibati chenye namba yake, nacho hutundikwa msumarini pale pale kifaa kilipokuwa. Mwisho wa zamu mtunza ghala hapigi kelele wala haitishi mkutano, hutazama misumari. Penye kibati pana mtu wa kuulizwa. Spana ya chuma inatunzwa kwa namna hiyo, na gitaa lililonunuliwa kwa michango ya miaka miwili linatunzwa kwa “angalia vitu”!

Wengine hunijibu kwamba gitaa ni mbao na nyuzi, litanunuliwa lingine. Watu wa mji huu hawana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1952, Likasi ikiwa bado inaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa kijana mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda wa Bayeke, yaani Jean Bosco, aliyepiga gitaa kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada, hata asiyemjua anaweza kudhani kwamba anasikia magitaa mawili. “Masanga” yake ilivuka mipaka ya nchi, na mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Upigaji wa namna hiyo haukai kichwani tu. Unakaa katika vidole vilivyolizoea gitaa moja kwa miaka, vinavyojua unene wa shingo yake na mahali ambapo uzi mmoja unadai kubanwa kwa nguvu zaidi. Anayewapokonya vijana gitaa walilojifunzia amewarudisha nyuma, hata kama kesho atawaletea jipya.

Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1990, nasi tunamsikia hata leo. Tracey hakurekodi sauti tu. Aliandika jina la mpigaji, mahali, lugha, chombo. Rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Nitawaumiza kidogo zaidi. Wapokomo wa Mto Tana, nchini Kenya, walikuwa na ngoma yao kuu, Ngadji. Maofisa wa ukoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Wapokomo wanaidai, na wanajua pa kuidai, kwa sababu daftari la jumba lile linasema kwamba ipo humo. Wanyang'anyi waliandika walichonyang'anya. Sisi tulionunua kwa jasho letu hatuandiki tulichonunua.

Hoja inayoniudhi kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayovaa kanzu: ati sisi ni ndugu, vitu ni vya wote, na kuandikishana ni dalili ya kutoaminiana. Someni vizuri Matendo ya Mitume. Waamini wa kwanza wa Yerusalemu, ambao sura ya 4 yaeleza jinsi walivyokuwa na vitu vyote shirika, ndio hao hao ambao katika sura ya 6 walinung'unikiana kwa ajili ya wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria wajane juu ya kuaminiana. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yao yote saba yameandikwa, mnaweza kuyasoma leo jioni.

Nawataka basi viongozi wa vikundi wanunue daftari moja la shule. Lichorwe mistari: chombo, namba yake, anayekitoa, anayekipokea, saa, sahihi. Kabla bahasha haijafunguliwa, nasisitiza kabla ya bahasha, vyombo vihesabiwe kwa sauti, na mkubwa wa kikundi awe wa mwisho kuondoka. Wenye harusi watoe gari la kurudisha vyombo, kama wanavyotoa gari la kuleta keki. Nanyi mlio wadogo, mkiambiwa “angalia vitu”, ombeni kalamu na daftari kwa adabu. Msipopewa, kataeni kwa adabu ile ile.

Kwa mabaraza ya wakubwa nina dai moja. Kijana yeyote asilipishwe chombo ambacho hakukitilia sahihi. Na pale ambapo amekwisha kulipishwa kwa namna hiyo, fedha zirudishwe kwao, zote, mbele ya kikundi kile kile kilichomwita mwizi.