Mpe kijana riwaya ya anga, lakini si kwa ajili ya fizikia

Shule zikikaribia kufungwa, wazazi hunijia na ombi moja. Mtoto anafanya vyema katika hesabu, anataka kuwa mhandisi au rubani, na mzazi amesikia kwamba kuna riwaya zenye vyombo vya angani, roboti na sayari za mbali. Nimtajie moja asome likizoni, huenda alama zake za fizikia zikapanda. Mimi nafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Kaunti ya Kilifi, na riwaya hizo ninazipenda tangu usichana wangu, kwa hiyo wananiona mtu wa kuulizwa. Kitabu huwa natoa. Sababu wanayonipa ndiyo ninayoikataa.

Fizikia iliyomo katika riwaya nyingi za kisayansi za vijana ni haba, na mahali pengine ni mbovu. Chukua The Giver ya Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1993 na kushinda Nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Watu wa jamii inayosimuliwa humo hawaoni rangi. Mwanga unaowaangukia ni huu huu wetu, tufaha ni lile lile, ila wekundu wake hawauoni, na mwandishi haelezi macho yao yamefanywa nini. Mwanafunzi akiniandikia hivyo katika mtihani sitampa alama hata moja. Lakini kitabu hicho kinaweza kumkosesha usingizi mtoto wa miaka 14, kwa sababu kinamwonyesha watu waliokubali kupoteza rangi, vilima na theluji ili maisha yasiwe na usumbufu, na baraza la wazee linalomkabidhi kila mtoto kazi yake ya maisha anapofika miaka 12. Kijana wetu, ambaye mtihani mmoja humpangia shule na mwingine humpangia kozi ya chuo, haelezwi mara mbili.

Ninachosema ni kwamba riwaya hizi humfundisha kijana kuichunguza sheria. Mwandishi anabuni nchi, anaiwekea kanuni moja au mbili, kisha anamwingiza mtoto wa rika la msomaji aishi chini ya kanuni hizo. Msomaji analazimika kuuliza: hii ilitungwa na nani, inamfaidi nani, na anayeilipia ni nani? Sijaona somo katika ratiba yetu linalouliza hivyo kwa ukali kama huo, nami nasema hayo nikiwa mwalimu ninayelipenda somo langu.

Tazama The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Wengi wanaijua kwa filamu, na filamu hukaa sana kwenye mapigano. Kitabuni kuna hesabu ambayo mimi huiona ndiyo moyo wa hadithi. Kila kijana wa wilaya za Panem, nchi ya hadithi hiyo, mwenye miaka 12 hadi 18 jina lake hutiwa katika kura ya kifo: mara moja akiwa na miaka 12, mara mbili akiwa na 13, hivyo hivyo hadi mara saba akiwa na 18. Mpaka hapo wote ni sawa. Lakini maskini ameruhusiwa kuliongeza jina lake ili apewe nafaka na mafuta kidogo ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kuongeza kwa kila mtu wa nyumbani kwao, na majina hayo hayafutwi mwaka ukiisha. Katniss ana miaka 16. Ana mara tano za lazima, kisha tatu kila mwaka, yaani yake, ya mama yake na ya mdogo wake Prim, kwa miaka mitano. Jumla 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na nyumbani kwao wako watano: saba za lazima, jumlisha 35, ni 42. Binti wa meya, wa rika la Katniss, ana tano tu.

Nikiiandika hesabu hiyo ubaoni darasa hutulia, halafu kelele huanza. Yupo atakayesema hakuna aliyewalazimisha, waliomba wenyewe. Atajibiwa kwamba njaa imelazimisha. Muda si muda wanataja fomu za basari, mikopo ya simu, na vijana waliouza mashamba ya wazee wao ili wakatafute kazi Ghuba. Hakuna swali hata moja nililowaandalia.

Kitabu ninachokitoa mara nyingi kuliko vyote, hata hivyo, ni Binti cha Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria. Kilitoka mwaka 2015 kikashinda tuzo za Hugo na Nebula. Binti ni msichana Mhimba wa Namibia, bingwa wa hisabati, aliyepata nafasi katika chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Kwao watu hawahami. Anatoroka alfajiri bila kumuaga mama, nywele zake na ngozi amezipaka udongo mwekundu wa kwao, na hata kabla hajapanda chombo kuna wanaomshika nywele na kumnusa. Msichana wa bweni aliyetoka kijijini Ganze au Magarini kwenda shule ya mjini hahitaji kamusi kuusoma ukurasa huo.

Njiani chombo kinavamiwa na viumbe waitwao Meduse, nao wanaua karibu kila aliyemo. Msomaji anawachukia, na ana haki. Baadaye anagundua wamekuja kwa nini: mwiba wa mkuu wao ulikatwa ukachukuliwa, na sasa umewekwa katika jumba la makumbusho la chuo hicho hicho, wageni wautazame na wasomi wauchunguze.

Hapo ndipo watoto wa Kigiriama huwa hawasomi tena kama wageni. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki akiwa wa chama cha Gohu, na mila inakataza kuing'oa. Vigango viling'olewa kwa wingi, vikauzwa, vikavushwa bahari, vikaishia kupamba nyumba za matajiri na kumbi za makumbusho Marekani. Familia moja, ya Mwakiru, iliibiwa viwili mwaka 1985, na haikurudishiwa hadi 2007, baada ya wanaanthropolojia kuvitambua huko viliko. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha 37. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea kitabu na kuniambia, "Mwalimu, mimi nimewahurumia Meduse, na sijui kama inafaa, kwa vile wameua." Tulikaa chini ya mwarobaini tukazungumza mpaka kengele ya chakula ikapita. Alitaka kujua kwa nini babu yake hakuua mtu vigango vya kwao vilipong'olewa. Alitaka kujua pia kama wale wa Illinois wangerudisha bila kushinikizwa na mtu. Mtoto wa miaka 15 anapima haki na kisasi kwa mizani yake mwenyewe, na kilichompa mizani hiyo ni hadithi yenye chombo cha angani kilicho hai, mfano wa kamba mkubwa wa baharini.

Wavulana ni habari nyingine. Kuna anayesoma kwa shida, na amejifunza kuificha shida hiyo kwa kudharau vitabu. Huyo namtafutia The Knife of Never Letting Go cha Patrick Ness. Todd, shujaa wake, hajui kusoma vizuri. Anatembea na shajara ya marehemu mama yake na anaona haya kumpa mtu amsomee. Isitoshe, anaishi kwenye sayari ambako fikra za kila mwanamume zinasikika hadharani, usiku na mchana. Tatizo ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza chenye makosa ya makusudi, kwa hiyo sura za kwanza huwa nawasomea kwa sauti. Divergent cha Veronica Roth wananiomba wenyewe. Nawapa, ila sikipendekezi, kwani maswali yake makubwa huishia kwenye jibu kwamba msichana mmoja amezaliwa tofauti na wenzake.

Kuna mzazi aliyenirudishia The Hunger Games akiwa amekasirika: watoto wanauana, hiki ni kitabu gani cha kumpa mtoto? Swali hilo naliheshimu. Nilimwomba akae nacho wiki moja akisome yeye kwanza, na ndivyo ninavyowaomba wazazi wote. Collins hafurahii damu. Kila kifo anakipa uzito, na walio hai hubaki na majeraha hadi kitabu cha tatu. Mzazi akishasoma na bado akaona mtoto wake hajafikia hapo, uamuzi ni wake na mimi sibishani naye. Ninayebishana naye ni yule anayekataza kitabu kwa kutazama jalada.

Wengine husema mambo ya anga ni ya Wazungu. Husema hivyo hapa, mwendo mfupi kutoka Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Na katika fasihi, Shaaban Robert aliiweka Kusadikika yake angani mwaka 1951, akatuma mjumbe mmoja mbinguni na mwingine ardhini, na wote wakarudi na mema ambayo watawala hawakuyataka. Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii na mhadhiri aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alimtia shujaa wa riwaya yake Walenisi, aliyehukumiwa kifo, katika chombo cha kumuua, naye akafika kwenye sayari yenye utaratibu mwingine kabisa wa kuishi. Hiyo ni mwaka 1995. Riwaya hizi mbili nazitoa pamoja na zile za kigeni, kwenye rafu moja, na kijana aliyesoma The Giver huisoma Kusadikika kwa hamu ambayo kusomeshwa kwa ajili ya mtihani hakumpi.

Kuhusu namna ya kupendekeza, nina mazoea machache. Kijana simwulizi yuko kidato gani. Namwuliza nini kimemuudhi wiki hii. Jibu lake hunielekeza kwenye rafu. Nampa vitatu, asome ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, achukue kimoja. Akikirudisha hajakimaliza sisemi neno. Muhtasari simtaki aandike kamwe, maana siku utakapomtaka muhtasari umemgeuzia kitabu kuwa kazi ya ziada. Namwuliza tu ni kanuni ipi ya nchi ile angeifuta kwanza.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Vitabu karibu vyote nilivyotaja viko kwa Kiingereza, na navinunua mimi mwenyewe kwa wauzaji wa mitumba Mombasa. Watoto wanaobishana kwa Kiswahili na Kigiriama hadi jasho likawatoka hupoteza nusu ya hadithi kwa kupambana na msamiati. Kutafsiri si jambo geni kwetu: Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama mwaka 1967, na Ida Hadjivayanis akatupa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam waanze na Binti. Kurasa zake hazifiki mia moja, gharama ya kuchapa si kubwa, na wasomaji wapo, ninao darasani. Kisha waifuatishe The Ear, the Eye and the Arm ya Nancy Farmer, ya mwaka 1994, inayotokea Zimbabwe ya mwaka 2194. Na Walenisi waisambaze upya hadi maduka ya miji midogo, kwa sababu nakala yangu ina kurasa zilizoshikiliwa kwa gundi na foleni ya wanaoisubiri ni ndefu.