EKSELI YA MKOKOTENI HAIROGWI, INAELEMEWA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mkokoteni wa chama umelala tena nyuma ya ghala. Gurudumu la kushoto limekaa upande na ekseli imepinda. Hii ni mara ya tatu tangu tuanze kuvuna mwaka huu. Kila mara tumechanga fedha, fundi amekuja, beringi mpya zimewekwa, na baada ya siku chache tumerudi pale pale. Naandika hapa ukutani ili kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Kijijini kunazunguka maneno matatu juu ya jambo hili. Yote ni maneno ya kukwepa. Nitayajibu moja moja.

La kwanza, eti mkokoteni umerogwa. Jamani! Mji wa mkoa wetu unaitwa Sumbawanga, maana yake tupa uchawi. Wazee walishautupa, sisi twauokota tena tuufunge kwenye ekseli? Hebu fungueni habu ya lile gurudumu mumwone mchawi. Grisi imekauka, imekuwa nyeusi kama masizi. Sili imechanika, mchanga umeingia, beringi imelika mpaka gololi zinacheza. Tena kuna vijana ambao wakitoka safari, habu ikiwa bado ya moto, wanauingiza mkokoteni mtoni kuuosha. Chuma cha moto kikipoa ghafla kinavuta maji ndani. Maji yanaharibu grisi, kutu inaanza. Hata tela la kubebea boti, ambalo kazi yake ni kuingia majini, linakufa kwa njia hiyo hiyo. Je, na lenyewe limerogwa na watu wa Ufipa?

Na sisi Wafipa tuone haya zaidi kuliko wengine. Babu zetu waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, na mabaki yake yapo mpaka leo. Wakafua majembe yao wenyewe. Ni kweli walikuwa na dawa zao na miiko yao, lakini hawakuiachia dawa ifanye kazi ya mkaa. Walichoma mkaa, walichimba mawe ya chuma, walijenga tanuru. Sisi wajukuu zao tunashindwa kupaka grisi!

La pili, eti fundi ni mbovu. Fundi alisema mbele ya watu kwamba ekseli ikishapinda, ukiinyoosha na kuichomelea, nguvu yake ya zamani hairudi, basi mizigo ipunguzwe. Nani alipunguza? Safari ya mwisho yalipakiwa magunia 16, tena ya lumbesa. Tulipima magunia mawili ya mzigo ule kwenye mizani ya ghala, kila moja kilo 120. Haya, hesabu ya kuzidisha tuliyojifunza kwenye darasa la kisomo si ya kuandika ubaoni tu. 16 mara 120 ni kilo 1,920. Zinakosekana kilo 80 tu kutimia tani mbili. Mkokoteni wa magurudumu mawili na maksai wawili ni wa tani moja, nayo ni kwa njia nzuri. Njia yetu mnaijua. Gurudumu likitumbukia shimoni, mzigo wote unashuka kwa kishindo juu ya chuma kile kimoja. Hapo fundi ana kosa gani?

Mnunuzi akitudai lumbesa tunapiga kelele kwamba anatunyonya, na ni haki yetu, maana sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100. Mbona lumbesa hiyo hiyo tunawapakilia maksai wetu? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Malori kwenye lami yanapimwa kwenye mizani ekseli kwa ekseli, na anayezidisha anatozwa. Serikali haifanyi hivyo kwa kupenda kusumbua watu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, Ziwa Viktoria. Kilikuwa cha kubeba watu kama 100, kikabeba zaidi sana, wakafa zaidi ya watu 220. Chombo chochote kina kipimo chake. Ukikipita kinanyamaza leo, kinanyamaza kesho, siku ya tatu kinajibu.

La tatu ndilo baya kuliko yote, eti mkokoteni ni wa wote. Ndiyo, ni wa wote. Lakini wapo wanaouchukua jioni, wanabeba matofali na mchanga wa watu kwa malipo, fedha inaingia mfukoni mwao, na ekseli ikipinda wanasema ni ya wote. Faida ya mmoja, hasara ya wote! Huyo ni kupe. Majina sitayaandika hapa, mkutano utayataja. Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kujitegemea, na kujitegemea si kutegemea mchango wa jirani kila mwezi.

Ndugu zangu, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni lami, tunashukuru. Lakini lami haiji shambani. Kutoka shambani mpaka lami ni maksai na mkokoteni. Mbolea ya kupandia lazima ifike kabla ya mvua za Novemba. Mkokoteni ukilala, mbolea itabaki barabarani na mahindi yatakuwa ya njano. Na ni huo huo unaompeleka mama mjamzito zahanati usiku. Safari hiyo tutamwambia asubiri tuchange?

Kwa hiyo napeleka mbele ya mkutano wa chama mambo haya:

1. Ekseli ile isichomelewe tena. Itafutwe nzima, na waliopakia magunia 16 walipe nusu ya gharama.

2. Mwisho wa mzigo uwe magunia 8 ya kilo 100, yaliyopimwa ghalani. Lumbesa isipande.

3. Uzito ukae juu ya ekseli, uzidi mbele kidogo. Ukizidi nyuma, mti wa kuvutia unanyanyuka na nira inawakaba maksai. Ukizidi sana mbele, unawalemea shingo.

4. Kila Jumamosi gurudumu liinuliwe na kutikiswa kwa mikono. Likicheza, safari hakuna mpaka beringi iangaliwe. Kila baada ya safari habu zote mbili ziguswe. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, ina ugonjwa. Na mtoni usiingizwe mpaka habu zipoe.

5. Liwepo daftari ghalani la kuandika nani kachukua, kabeba nini, kilo ngapi, karudisha lini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayepinga aje mkutanoni aseme mbele ya watu, asiseme kilabuni. Na aje na hesabu yake, kilo kwa kilo.

Ushirika udumu.

Katibu wa Tawi