Legeza mkono, mjomba!

Leo naomba tuyaache kidogo mambo ya karo na mahari, tutoke nje na fimbo mkononi. Fimbo ya gofu. Usicheke. Najua wengi wenu mnauona huu kuwa mchezo wa mawaziri na wakurugenzi, nami niliuona hivyo hivyo mpaka mjomba wangu alipoambukizwa.

Mjomba alistaafu ualimu mjini Homa Bay, na daktari akamwagiza atembee sana kwa ajili ya shinikizo la damu. Kutembea bila shughuli aliona haya. Marafiki wa Kisumu wakamtia katika gofu, akanunua fimbo saba kuukuu, na kila alipopata nauli alikwenda kucheza Klabu ya Nyanza. Wanagofu wa ng'ambo hutaja mpaka leo kanuni ya zamani ya klabu hiyo: mpira wako ukisimama karibu mno na kiboko, una ruhusa ya kuweka mwingine.

Lakini viboko havikumsumbua mjomba. Kilichomsumbua ni mikono yake mwenyewe. Mipira iliyopaa ilipinda kulia na kupotea vichakani. Mingine ilitambaa chini kama iliyopigwa teke na mtoto. Baada ya miezi mitatu kiwiko kilianza kumuuma upande wa ndani, hata kuinua birika ikawa kazi. Nilipomtembelea wakati wa likizo, fimbo zilikuwa nyuma ya mlango zimefungwa kamba, na mwenyewe amerudi kitini, kutwa nzima na redio. Mkewe alinivuta kando akaniambia anahofia ile damu kuliko hicho kiwiko.

Nikamwomba mjomba anionyeshe anavyoshika. Aliikamata fimbo kwa viganja, vidole vimekaza hadi kucha zikapauka, kama mtu anayeng'oa kisiki. Nikajua ugonjwa uko wapi, kwa kuwa niliwahi kuugua mimi mwenyewe.

Basi shika kalamu, msomaji. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto hukaa juu. Mpini ulale kwenye vidole, si katikati ya kiganja: uanzie kwenye shina la kidole cha mwisho na kupita kwa mshazari hadi kidole cha shahada. Kidole gumba kikae juu ya mpini, kikielekea kulia kidogo. Ukitazama chini, uone vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo huelekea kufika kwenye mpira ukiwa wazi, na mpira utakwenda kulia kama wa mjomba.

Mkono wa kulia hufuata chini yake. Kidole chake cha mwisho hupanda juu ya mwanya ulio kati ya kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto. Mshiko huu huitwa kwa jina la Harry Vardon, mzaliwa wa Jersey, aliyetwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza mara sita kati ya 1896 na 1914. Jack Nicklaus na Tiger Woods walipendelea kufumanisha vidole hivyo viwili. Watoto washike kwa vidole vyote kumi, hakuna dhambi.

Na nguvu je? Shika kama ubebavyo kifaranga cha siku moja: asiponyoke, wala asife.

Kifundo cha mkono kilikuwa na kisa kirefu zaidi. Mjomba alikulia ufuoni akirusha ndoano, na ndivyo alivyoipiga gofu. Fimbo ikifika juu, aliirusha mara moja kwa vifundo kama anayepeleka chambo majini. Ilipofika kwenye mpira nguvu zilikuwa zimekwisha, naye akajaribu kuuchota mpira ili upande. Kuchota huko ni kazi bure. Mpira na fimbo hugusana kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena uso wa fimbo umelazwa makusudi. Chuma namba saba kimelala kwa takriban nyuzi 30 au zaidi, nao mlalo huo ndio unaoinua mpira. Mikono yako itangulie mpira kidogo, na mgongo wa kiganja cha kushoto utazame kule unakotaka mpira uende.

Nilieleza haya mara tatu, mjomba akatikisa kichwa kwa adabu ya mwalimu asiyeelewa. Siku mbili baadaye tulikwenda kwa shemeji yake Awendo, kule Migori, tukapita penye mashamba ya miwa. Kijana mmoja alikuwa akikata. Miwa hukatwa chini kabisa, maana shina ndilo lenye sukari nyingi. Panga lilishuka kifundo kikiwa bado kimekunjwa, kikafunguka karibu na shina, chwa! Mjomba alisimama pale mpaka nikaona njaa.

"Mwalimu," kijana akamwambia, "ukikaza mkono, saa nne haikupati shambani."

Maneno yangu ya siku mbili, yeye aliyamaliza kwa sentensi moja.

Tuliporudi, mjomba alipumzisha kiwiko kwa majuma aliyoamriwa na daktari (nawe ukiumwa hivyo, au vidole vikifa ganzi, usijitie ubingwa). Kisha akaanza upya, bila mpira. Alichomeka rula ya mwanafunzi chini ya mkanda wa saa, ikilala juu ya mgongo wa kiganja cha kushoto. Alipopiga taratibu na kifundo kikajikunja kinyumenyume, rula ilimchoma. Halafu aligeuza fimbo, akaishika upande wa kichwa na kuizungusha. Mvumo, vuuu, usikike pale mpira ungekuwa au mbele yake. Ukiusikia nyuma ya bega, umerusha ndoano. Fanya hivi uani, lakini kwanza fukuza watoto, mbuzi na mama mkwe.

Jumamosi iliyopita alinipigia simu kutoka Kisumu. Alikuwa ametembea mashimo yote 18 na kupoteza mipira miwili tu, na mmoja kati ya hiyo, aliapa, ulikwenda moja kwa moja, ila uliendelea mno.