Sahani Imejaa, Mtoto Amedumaa

Muulize mtu jana alikula nini, atakujibu kwa tumbo: "Nilishiba." Hapo maswali yamekwisha. Mlima wa ugali, mchuzi wa kuuteremshia, glasi ya maji, mikono inaoshwa. Ukiendelea kuhoji unaonekana una dharau, au umesoma kupita kiasi. Imani hii kwamba aliyeshiba amekula ndiyo inayodumaza watoto wetu na kuwaingiza wazazi wao kwenye kliniki za kisukari, nasi tunaibembeleza kana kwamba ni mila.

Ushahidi uko Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha wenzake. Mahindi ya Rukwa yanajaza maghala, viazi vya Njombe vinakaangwa chipsi mijini, parachichi zake zinapanda meli kwenda Ulaya. Huko hakuna ukame wa kusingizia. Nusu ya watoto wamedumaa pembeni ya magunia.

Wapo wanaojitetea kwamba watu wa huko ni wafupi kwa asili. Ni utetezi wa kivivu. Vipimo vya ukuaji vinavyotumika leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto waliotunzwa vizuri Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walikua karibu sawa mpaka miaka mitano. Kama mtoto wa Accra na wa Oslo wanaweza kwenda sambamba, wa Mufindi, Iringa, amekosa nini?

Amekosa kilichouzwa. Mayai yamekwenda gulioni, maziwa yamekwenda kiwandani, maharage yamesubiri bei. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachwa na dada yake mwenye miaka minane na sufuria ya uji mweupe, mwepesi, usio na karanga wala tone la maziwa. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji ule unalijaza maji, analala, watu wazima wanasema ameshiba. Siku kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, paja la mgeni, na mtoto anachovya mchuzi. Mjamzito naye bado kuna nyumba anakatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele! Najua udumavu una mizizi mingine: maji machafu, kuharisha, minyoo, mama kuelemewa na kazi mpaka anajifungua. Lakini firigisi haihitaji bajeti ya serikali ili ihamie sahani nyingine.

Halafu tunaongeza jeuri ya sembe. Punje ya mahindi ina ganda lenye nyuzinyuzi na kiini chenye mafuta, vitamini na madini. Tunaipeleka mashineni ikobolewe, vyote hivyo vinatoka kama pumba, pumba tunawapa kuku, sisi tunabaki na wanga mweupe na kuuita ugali wa heshima. Dona tumeiachia jela na shule za bweni. Mwenye sembe ana hoja moja ya kweli, nayo ni sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kukoboa huipunguza. Ila dawa yake inaanzia shambani na ghalani: mahindi yakaushwe sawasawa juu ya turubai, si juu ya udongo, na punje zilizooza na kuvunda zichambuliwe kabla ya kusaga. Saga kilo chache kila mara, maana mafuta ya kiini huifanya dona ichache haraka.

Wa mjini asicheke. Yeye anashiba wali kilo na chipsi mayai, anashushia soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Chupa moja tu tayari imezipitiliza hizo 25. Kitambi kikitokea tunampongeza kwamba maisha yamemkubali.

Najua nitaambiwa: maskini hana uchaguzi. Asiye na kitu kabisa simsemi. Huyo anadai ardhi, kipato na msaada, si mahubiri. Namsema mwenye uwezo wa kununua soda na anayesema mboga ni ghali. Dagaa, anayeliwa mzima na mifupa yake, anampa mtoto protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo nyama haifikii. Maharage na mchicha vina madini ya chuma, na limao au chungwa kwenye mlo huohuo husaidia mwili kuyapokea. Chai ya rangi tunayopenda kunywa juu ya chakula huyazuia. Isogeze chai mbele kwa saa moja. Hilo halina gharama yoyote.

Ila kosa hili halifanyiki jikoni peke yake. Serikali nayo inapima kwa tumbo. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba taifa limejitosheleza kwa chakula, hesabu ikiwa ni tani za nafaka, na ukumbini watu wanapiga makofi. Hakuna anayehesabu mayai yaliyobaki kijijini, wala maziwa aliyoyanywa mtoto wa mwenye ng'ombe. Kwa hiyo ndugu msomaji, na hasa nyie waandishi wenzangu mnaokaa viti vya mbele: kiongozi wa mkoa akisimama kutangaza ziada ya mahindi, asishuke jukwaani kabla hajaulizwa ni watoto wangapi wa mkoa wake wamedumaa, na mwaka jana walikuwa wangapi.