Mifumo Miwili kwenye Diski Moja Ni Mzigo

Hapa Goma, kompyuta yenye Windows na Ubuntu pamoja inampa mwenyewe sifa ya ujuzi. Watu wanaamini amepata faida ya pande zote: Windows kwa kazi za ofisi, Ubuntu kwa kujifunza programu na kukwepa virusi vya flashi. Imani hiyo inawaumiza wanafunzi wetu, na mafundi wanaoieneza wanakosea.

Mfumo uliouacha mwezi mzima unakusubiri na masasisho ya mwezi mzima. Mega ulizonunua kwa kubana matumizi zinaisha kabla hujaandika sentensi. Umeme nao ukikatika katikati ya sasisho, iwe Himbi au Ndosho, mashine isiyo na betri inaweza kukataa kuwaka.

Halafu kuna saa. Ubuntu, kama Linux nyingine, huweka majira ya kimataifa kwenye saa ya ndani ya mashine, Windows huyasoma kana kwamba ni majira ya Goma. Ukihamia Windows bila intaneti unarudi nyuma saa 2, na kila faili unayohifadhi inabeba muda wa uongo. Kibaya zaidi ni kule kuwaka haraka kwa Windows: unadhani umeizima, kumbe imelala huku ikiishikilia diski yake. Mwanafunzi akifungua TFC yake, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, iliyo kwenye diski hiyo kupitia Ubuntu, anaruhusiwa kuisoma tu. Arudi Windows, aizime kabisa, aanze upya, na betri inazidi kushuka.

Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama, ikisema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Nyingi zilikataa kabisa kuwasha Linux, na marekebisho rasmi yalikuja Mei 2025. Miezi tisa! Nani Goma anaweza kusubiri hivyo?

Najua jibu: kazini wanadai programu ya uhasibu ya Windows, chuoni wanadai Linux. Basi baki na Windows, uendeshe Ubuntu ndani yake kwa WSL, njia iliyopo tangu 2016, bila kuikata diski. Na kama kompyuta yako haipokei Windows 11, huku Windows 10 ikiwa imefikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, futa yote uweke Linux peke yake; TFC inaandikika vizuri kwa LibreOffice. Mafundi wa Birere, muulizeni mteja kazi yake kwanza, kisha mumwekee mfumo mmoja.