Kunyamaza Si Jibu: Tupeni Tarehe

Wasee wa Kisumu, niwaulize kitu. Nani alituambia kwamba mtu mzima kukaa miezi mitano akifungua barua pepe kila dakika kumi ndiyo "subira"?

Mimi ni mmoja wao. Nilituma maombi ya ufadhili wa utafiti wa shahada ya uzamili Oktoba. Majibu yalifaa kutoka Januari. Sasa ni Machi. Hakuna aliyesema yamechelewa, hakuna aliyesema nimeanguka. Nalala na simu kifuani. Saa kumi alfajiri nishaangalia mpaka kwenye spamu. Mathe akitoka na magunia yake ya omena kwenda Kibuye alikuwa akiniuliza, "Wamesema nini?" Nami namjibu, "Bado, Mama." Siku hizi haulizi tena. Ananitazama tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Shida yangu si kuanguka. Kuanguka tunajua. Shida ni ile sentensi iliyo chini ya kila tangazo: "Watakaoteuliwa pekee ndio watakaojulishwa." Watu wanaisoma kama adabu ya ofisi. Mimi naiita dharau. Maana yake ni hivi: wewe uliyeandika kurasa kumi na tano, ukasumbua walimu wawili wakuandikie barua, ukalipia cheti kuthibitishwa, huna thamani ya mstari mmoja wa "hapana".

Wataniambia waombaji ni wengi. Sawa. Zaidi ya watahiniwa laki tisa walifanya KCSE ya 2024, na Januari 2025 matokeo yakatoka. Hata aliyepata E alijua ni E, akapanga maisha yake. Na ule mtambo ulionitumia "tumepokea maombi yako" ndani ya sekunde tatu unaweza kunitumia "pole, hukupata" kwa sekunde hizo hizo tatu. Kazi ngumu ni kuchagua, na hiyo nawaheshimu. Kujulisha si kazi ngumu.

Wataniambia pia pesa ni kidogo. Hapo nakubali kabisa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Taifa ya Utafiti kila mwaka, na hatujawahi kukaribia hapo. Lakini pesa ikiwa kidogo ndiyo sababu zaidi ya kumwambia mtu mapema, ili atafute kwingine.

Kuna kitu hawakioni wakiwa ofisini. Ukimya unachuja watu. Fikiria waombaji wawili wenye alama sawa na wazo zuri sawa. Mmoja anatoka Milimani, kwao kuna WiFi na hakuna anayemuuliza kodi. Atangoja hadi Agosti akitaka. Mwingine anatoka Nyalenda. Ameahidiwa kazi ya mkataba Nairobi na anatakiwa kujibu kufikia Ijumaa. Akikataa kazi halafu ufadhili usije, amepoteza vyote viwili. Akikubali, ufadhili ukija Juni utamkuta ameshahama. Siku ya kutangaza washindi watasema walichagua bora zaidi. Wapi! Walichagua waliobaki. Hakuna mahali kwenye fomu palipoandikwa "uwezo wa kukaa bila mapato", lakini ndicho kigezo kilichoamua.

Na anayepoteza si sisi tu. Mimi nataka kupima oksijeni kwenye maji ya vizimba vya ngege, mwezi baada ya mwezi, kuanzia kabla ya masika. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi huku kwetu ufuoni, na upungufu wa oksijeni ukatajwa. Watu walikuwa wameweka akiba zao zote mle majini. Masika ndiyo hii inaingia. Jibu likija Juni, mwaka mzima wa vipimo umeenda, na ziwa halitanirudishia hizo siku.

Wazee watasema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini muulize mvuvi yeyote pale Dunga. Msimu wa omena unafungwa Aprili hadi mwisho wa Julai. Ni miezi minne ya msoto, na wengi wanalalamika. Lakini kila mtu anajua tarehe. Kwa hivyo mvuvi anashona nyavu, anatafuta kibarua, anaongea na mwenye duka kuhusu deni. Anavumilia kwa sababu kuna siku anayoihesabia. Mtu asiyepewa tarehe hana cha kuhesabia, ananing'inia tu.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tuache kuona aibu kuuliza. Kama pesa ni za umma, Katiba kifungu cha 35 inakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ofisi ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Andika kwa upole, weka tarehe, hifadhi nakala. Wakinyamaza, Ombudsman ana ofisi hapa hapa Kisumu. Wafadhili wa nje huenda sheria hiyo isiwafikie, lakini adabu inawafikia.

Pili, tuwadai vitu vitatu tu, na havigharimu shilingi: tarehe ya majibu kwenye tangazo, ujumbe tarehe hiyo ikisogezwa, na jibu kwa kila aliyeomba. Hata liwe neno moja.

Mimi barua yangu ya kuuliza nimeituma leo asubuhi. Nilikuwa naogopa wataniona msumbufu wanikate. Halafu nikamtazama mathe akibeba gunia, nikabonyeza "tuma".

Kama nimeanguka, niambieni nimeanguka. Nitalia siku mbili, ya tatu nitatafuta njia nyingine. Lakini hizo siku ni zangu, nirudishieni nianze kuzitumia.